Aliyeshika Tochi

Mtu akishakaa kwenye kiti cha kinyozi na wembe ukawa shingoni, hatakiwi kucheka. Akicheka anatikisika, akitikisika anakatwa, na akikatwa habari inafika mtaa wa pili kabla damu haijakauka. Ndiyo maana kinyozi ambaye watu walimwita Redio hakuwa na mizaha kama vinyozi wengine. Yeye alikuwa na visa vya kutisha. Mteja alikaa ametumbua macho, pumzi ameibana, akisubiri kujua mwisho, na Redio alimaliza kidevu bila tone la damu. Ilikuwa mbinu ya kazi, na aliirithi kwa marehemu baba yake pamoja na kile kiti.

Ubaya wa mbinu hiyo ni kwamba kisa kinataka mtu mbaya. Bila mtu mbaya, mteja anachoka shavu la kwanza tu. Siku aliyosimulia habari ya leba, Redio hakuwa na mtu mbaya mkononi, basi akamtengeneza.

Habari yenyewe aliipata nyumbani kwake. Mkewe alikuwa mfagiaji wa wodi ya wazazi katika hospitali kubwa ya mji, na jioni iliyotangulia alirudi kazini akaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu, akalia. Mvua ilikuwa imekata umeme mchana. Chumba cha leba hakina dirisha, na mzazi alikuwa katikati ya uchungu. Sista mkuu wa wodi alikimbilia kibanda cha jenereta na funguo za kibanda, akawasha, kumbe tangi halina hata kikombe cha dizeli. Akarudi mbio, amelowa chapachapa. Mfagiaji akaitwa aache ufagio ashike tochi ya simu. Mtoto alizaliwa amechoka, mashine ya kumsaidia haikuwa na umeme, na Sista akaubana ule mfuko wa hewa kwa mkono mpaka vidole vikakakamaa. Mtoto hakuwahi kulia.

"Usimwambie mtu," mke alisema alipomaliza.

"Nani nimwambie mimi?" alijibu Redio, akampangusa machozi kwa kanga yake mwenyewe. Na wakati anasema hivyo alimaanisha.

Kesho yake asubuhi alimwambia mtu mwenye povu kidevuni. Kwenye benchi alikaa kijana mmoja aliyekuwa na ukurasa wenye wafuasi wengi, naye akainua simu, akaanza kurusha mubashara. Redio aliiona simu ile kwenye kioo. Hakunyamaza. Alipandisha sauti kidogo na kugeuza uso upande wa mwanga.

"Basi Sista anakwenda kwenye jenereta," alisema, wembe ukishuka taratibu. "Funguo kiunoni. Mzazi analia kule, na Sista anatembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Hana haraka. Unajua kwa nini hana haraka? Kwa sababu anajua tangi ni tupu. Dizeli ameshaiuza. Sasa atakimbilia nini?"

Mteja hakupepesa jicho. Kidevu kilitoka laini kama yai.

*

Jioni ile ile mama mzazi wa Redio, aliyekuwa akiishi nao, alimpokea mkwewe mlangoni kwa vigelegele vidogo.

"Mkwe wangu, umemwona mwenzio? Yuko kwenye simu ya kila mtu. Jirani amenionyesha. Mwanangu anaongea kama mbunge."

"Anaongea nini, mama?"

"Si ile habari ya kazini kwenu. Ya yule muuguzi aliyeuza mafuta akamuua mtoto wa watu."

Mke wa Redio aliweka mkoba chini. Aliichukua simu yake, na hakuhitaji kutafuta. Makundi yote aliyokuwamo yalikuwa yameipokea video ya mumewe: la wazazi wa shule, la kuzikana, hata lile la wauza mitumba. Aliitazama amesimama, mama mkwe akichungulia begani. Ilipofika pale pa bibi harusi, kizee akacheka. Mke hakucheka.

Redio aliporudi alikuwa na sauti ya mtu aliyeongea kutwa na bado ana akiba.

"Umeona?" alisema. "Duka limejaa mpaka nje. Kuna wengine wamenyoa jana na leo wamerudi."

"Sista hakutembea."

"Nini?"

"Nilikuambia alikimbia. Nilikuambia alirudi ameloa. Dizeli hajauza yeye, funguo za tangi anazo mtunza stoo. Wewe haya umeyatoa wapi?"

Redio alivua viatu polepole, kimoja, halafu kingine. "Yale ni ya kutia ladha tu, mke wangu. Jambo lenyewe si kweli? Mafuta hayakuibwa? Mtoto hakufa?"

"Kweli."

"Basi. Watu wangesikia vipi? Ningesema tangi lilikuwa tupu, wangesema pole, wakaendelea kula."

"Muache mwanaume apumzike," alisema mama mkwe. "Kasema ukweli, wenye hospitali wanatetemeka. Hilo si jambo dogo."

Na hapo, tusimwonee kizee, alikuwa amesema kweli. Wenye hospitali walitetemeka hasa. Kwa miaka mzazi aliyelalamika aliambiwa aandike barua, na barua ziliingia kwenye sanduku la maoni ambalo mfagiaji ndiye aliyelifungua, kwa ajili ya kutoa mende. Sasa lori la dizeli lilifika kabla ya wiki kwisha. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuja na wapiga picha, akaliwasha jenereta mwenyewe, akapiga makofi. Balbu zilizoungua zamani zilibadilishwa. Wauguzi waliokuwa wakiomba kwa unyenyekevu walijionea kuwa kinyozi mmoja amewazidi nguvu wote.

*

Lakini watu walitaka pia mtu wa kumla nyama, na mtu huyo walishapewa. Picha ya Sista ilipatikana, ile ya mahafali, anacheka. Ikazungushwa duara jekundu. Namba yake ya simu ikafuata, kisha nyumba yake. Kuna aliyerusha mawe juu ya bati lake mchana kweupe. Mwanawe wa kike alirudi kutoka shuleni na sare imechorwa kwa kalamu ya wino mgongoni: ATAKIMBILIA NINI. Waliochora walikuwa watoto wenzake wa darasa moja.

Uongozi wa hospitali ulimsimamisha kazi Sista kupisha uchunguzi. Uchunguzi wenyewe haukuanza, lakini watu walitulia kidogo, na wakubwa wakashusha pumzi. Mtunza stoo alionekana kwenye korido akitikisa kichwa kwa masikitiko kuliko mtu yeyote. Waliotafutwa ni waliotoa habari nje, na lawama ikawaangukia walinzi wa getini. Hakuna aliyemkumbuka mfagiaji. Mfagiaji huwa chumbani kama ndoo ilivyo chumbani.

Siku Sista anaondoka, alipitishwa mlango wa nyuma, kwenye chumba cha kufulia, kwa sababu mbele kulikuwa na watu na simu zao. Mlinzi aliupekua mkoba wake mbele ya wafuaji. Alitoa leso, kitana, chupa ya maji, pakiti ya pedi. Pedi alizishika muda mrefu kuliko vile vingine. Sista alitazama ukutani mpaka alipomaliza.

Mke wa Redio alikuwa pale na kapu la mashuka machafu. Sista alimsogelea.

"Dada, wewe ulikuwepo," alisema kwa sauti ya chini. "Hebu niambie, maana naanza kujitilia shaka mwenyewe. Nilitembea?"

"Ulikimbia, Sista."

"Nilijua tangi ni tupu?"

"Hukujua. Ulirudi unalia."

Sista aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Nilitaka tu awepo mtu mmoja anayejua."

Akatoka. Mfagiaji alibaki na kapu lake. Alikuwa na neno jingine la kumwambia Sista, kwamba aliyemchafua analala kitanda kimoja na yeye, na hakulisema.

*

Alikwenda moja kwa moja dukani kwa mumewe, bado amevaa gauni la kazi. Aliwakuta wateja wameondoka na kiti kimekaliwa na mwanamke mwembamba aliyejifunga tumbo kwa kitambaa. Redio alikuwa amesimama mbele yake, mikono imemning'inia, asijue aiweke wapi.

Alimtambua mwanamke yule mara moja. Mwanamke hakumtambua, siku ile macho yake yalikuwa kwenye mwanga, si kwa aliyeushika.

"Nimekuja kukushukuru, kaka," alikuwa akisema. "Mimi niliambiwa nilikosea. Hospitali waliniambia sikusukuma vizuri, eti nililegea, mtoto akachoka. Mama mkwe aliniambia hivyo hivyo nyumbani. Mume wangu hakusema kitu, lakini alihamia chumba cha pili. Nilikaa najiuliza, nililegea saa ngapi? Halafu dada yangu akaniletea simu nikakusikia. Kumbe ni mafuta. Kumbe siyo mimi."

"Siyo wewe," alisema Redio.

"Jana mume wangu amerudi chumbani. Amelia." Akainuka kwa taabu, akashika mkono wa kiti. "Nimesikia kuna watu wanataka uifute. Usiifute, kaka. Tafadhali."

Alipotoka, mashine ya kunyolea ilikuwa imewashwa bado, inanguruma peke yake mezani. Mke aliizima.

"Umemsikia," alisema Redio. "Sasa mimi nifanye nini?"

"Sikuambii ufute. Nakuambia uirekebishe. Sema Sista alikimbia. Sema wa mafuta ni mwingine."

"Nikisema hapo niliongeza chumvi, watasema pote nimeongeza chumvi. Mtunza stoo atachekelea mpaka ashike mbavu. Watasema hata tangi halikuwa tupu, mzazi ndiye aliyelegea. Unataka nimrudishie yule dada mzigo wake?"

Jambo lile lilikuwa na uzito, na lilimuudhi mke zaidi kwa kuwa na uzito.

"Na watauliza nimejuaje," Redio aliendelea. "Kinyozi amejuaje Sista alikimbia? Wataufuata uzi mpaka kwako. Utafukuzwa. Ada ya watoto, dawa za mama, nani atalipa? Mimi umaarufu huu ukiisha narudi kwenye videvu vyangu."

"Binti wa Sista wamemchora mgongoni."

"Nimesikia."

"Umesikia. Mimi nimemwona mama yake anapekuliwa." Alimsogelea. "Nilikupa siri nikiwa nalia, ukaenda kunyolea watu. Mimi sikukuambia ili uisimulie. Nilikuambia kwa sababu ningelala nayo vipi peke yangu?"

Redio alifuta wembe uliokuwa umeshafutwa. "Nimekosa," alisema. "Kesho nitasema. Nitasema mimi ndiye niliyeongeza."

"Wewe hukuwepo," alisema mke. "Utarekebisha nini wewe?"

Akakaa kwenye kiti. Alijiangalia kwenye kioo, akakivuta kilemba mbele, akaona hakisaidii, akakivua kabisa.

"Shika simu," alisema.

"Mke wangu, fikiri kwanza. Hata kesho."

"Kesho nitaogopa. Shika."

Redio aliishika. Picha ilitoka inayumba, lakini maneno yalisikika.

"Mimi ni mfagiaji wa wodi ya wazazi," alisema mke. "Siku ile ndiye niliyeshika tochi. Mwenye habari ni mimi, kinyozi ni mume wangu. Umeme ulikatika kweli. Tangi lilikuwa tupu kweli. Mzazi hakulegea, nilikuwa namwona, hakuna mtu angeweza kusukuma zaidi ya vile. Lakini Sista hakutembea. Alikimbia kwenye mvua. Hakujua. Alimpa mtoto hewa kwa mikono yake mpaka daktari alipofika akamwambia aache, na hakuacha. Yale ya bibi harusi mume wangu aliyatunga. Funguo za tangi anazo mtunza stoo, siyo Sista. Na mimi nikifagia alfajiri nimeona madumu ya dizeli yanatoka kwa mlango wa chumba cha kufulia, si mara moja. Niliyaona nikanyamaza. Basi, ni hayo."

Hakujua jinsi ya kumaliza, akabaki anaitazama simu. Redio akaizima.

*

Video ya kwanza ilikuwa imetazamwa na nchi nzima. Hii ya pili ilitazamwa na wanaowajua, na wanaowajua wanaowajua. Yule kijana mwenye ukurasa alikataa kuirusha; alisema haina mvuto, na tena inamtia aibu yeye. Chini yake maoni yalianza vizuri, halafu yakachafuka. Mmoja aliandika, "Pole mama, Mungu akubariki." Wa pili aliandika, "Umelipwa shilingi ngapi kumsafisha muuaji?" Wa tatu aliuliza kwa nini asitafute mume mwenye akili. Wateja kadhaa walihamia kwa kinyozi wa upande wa pili wa barabara, wakidai Redio ni mwongo, ingawa uongo wake ndio uliowaleta.

Jioni mama mkwe alimwekea mkwewe maji ya kuoga, ya moto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wahamie pamoja.

Hospitali nayo iliitazama. Wakubwa wasioona tangi tupu kwa miezi waliiona video ya mfagiaji kabla ya chai ya asubuhi. Aliitwa ofisini, akasimamishwa karibu na mlango ingawa viti vilikuwepo, akaulizwa kama ile ni sura yake. Akasema ni yake. Akaulizwa kama alipewa kibali cha kuongea. Akauliza angekipata kwa nani, na swali hilo likaandikwa kama utovu wa nidhamu. Alifukuzwa kwa kutoa siri za wodi. Mtunza stoo alipewa likizo, na ikasemwa wazi kuwa ni likizo yake ya kawaida ya mwaka.

Sista alirudishwa kazini.

Alikuja nyumbani kwao Jumapili, mchana, amevaa nguo za kanisani. Redio alipomwona mlangoni alirudi nyuma hatua nzima, kisha akajikaza.

"Sista, mimi nakuomba..."

"Sijaja kwako," alisema Sista, bila ukali. Redio akatoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia, mgongo ameupa nyumba.

Mke alimkaribisha kiti, akamletea maji. Sista aliinywa glasi yote, akaishika tupu mapajani.

"Nimerudi," alisema. "Mzazi mmoja jana alikataa nisimguse. Wengine wananikubali. Tutaona."

"Nashukuru umerudi."

"Ni kwa ajili yako. Najua. Watoto wangu pia wanajua, nimewaambia." Alisogea ukingoni mwa kiti. "Nimekuja kwa sababu sitaki uyasikie kwa mtu mwingine. Kabla ya kunirudisha walinipa karatasi nisaini. Ya kukufukuza wewe. Inatakiwa saini ya mkuu wa wodi. Nilisaini."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Imeandikwa nini?" mke aliuliza.

"Kwamba ulitoa habari za wodi bila ruhusa."

"Ni kweli nilitoa."

"Ni kweli. Ndiyo maana niliona naweza kusaini. Nina watoto, dada. Nyumba ya kupanga, bati limetoboka. Waliniwekea karatasi mbili mezani, yako na yangu ya kurudi. Walisema zinakwenda pamoja."

"Na madumu je?" aliuliza mke. "Wewe mkuu wa wodi, mlango wa kufulia uko chini yako. Hukuwahi kuyaona?"

Sista aliizungusha glasi mikononi. "Niliyaona."

"Uliwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Mke wa Redio alinyoosha mkono akaichukua ile glasi, akaiweka mezani, kisha akaenda kuufungua mlango uliokuwa umerudishwa nusu.

"Na mimi," alisema, "hakuna aliyeniuliza, nikasema."